Nzuri, Ila

Mie nina mdomo. Nyumbani Temeke, tangu utotoni, walikuwa wananiambia mdomo wangu utaniponza, na kweli umeniponza mara nyingi. Lakini kosa langu kubwa kuliko yote sikulifanya kwa mdomo. Nililifanya kwa kalamu, nimekaa mezani, feni inanipepea, najiona msomi.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha sabuni hukohuko Temeke, ng'ambo ya bonde kutoka kwa mama yangu. Mwenyewe nilishahamia Tabata na mume wangu, ila kila siku nilirudi kule kuhakikisha sabuni inatoka na ukali unaotakiwa, haichubui mikono ya watu. Mwaka huo ofisi kuu ikaleta agizo kwamba kila kiwanda kichague mambo yake makuu ya uendelevu. Maana yake, kama tulivyoelezwa, ni kutafuta mambo matatu ambayo kazi yetu inayagusa zaidi, kwa watu na kwa mazingira, tuyapime kila mwezi, na hayo ndiyo yatengewe fungu la kuyarekebisha. Neno lenyewe lilitusumbua. Mlinzi wa getini aliniuliza, kwa heshima zote, kama uendelevu ndiyo ile kuendelea na kazi mpaka Jumapili. Nilimcheka, na mie mwenyewe maana yake nilikuwa nimeikariri tu.

Meneja wetu alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole, asiyempita mfagiaji bila kumsalimia. Akaniita, akasema majirani lazima waulizwe, na wa kuwauliza ni mie kwa kuwa mie ni mwenyeji. Fomu ilikuja kwa Kiingereza, nikakaa kuitafsiri. Hali ya vumbi mtaani ikoje? Hali ya kelele za malori ikoje? Hali ya maji yanayotoka kiwandani ikoje? Chini ya kila swali kulikuwa na visanduku vya kuweka tiki, kuanzia nzuri sana hadi mbaya sana. Mwisho kabisa swali moja la wazi: mngependa kiwanda kiwafanyie nini? Nilipomaliza nilimpelekea meneja, akaisoma, akasema Kiswahili changu kimenyooka. Nikavimba kichwa.

Nikazunguka na wenzangu wawili wiki nzima, nyumba kwa nyumba. Bondeni nilikwenda peke yangu.

Bonde lile liko kati ya kiwanda na nyumba. Mtaro wa maji ya kiwanda unapita katikati, na pembeni yake kuna matuta ya mchicha. Matuta mengi kuliko ya wengine wote yalikuwa ya mama mmoja mjane, mtu wa kusini, aliyeishi pale miaka mingi mpaka lafudhi yake ya kusini ikabaki kwenye maneno machache tu. Mchicha wake nimeula tangu nasoma sekondari. Alisomesha wanawe kwa mchicha, na sasa alikuwa analea wajukuu watatu kwa mchicha huohuo. Mwenyewe alikuwa anasema, huku anacheka, kwamba tangu marehemu aondoke, matuta ndiyo yaliyomwoa.

Nikasimama ukingoni mwa tuta, viatu vya ofisini, fomu mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamuuliza hali ya maji yanayotoka kiwandani ikoje.

"Nzuri, mwanangu. Tunashukuru."

Nikaweka tiki. Hata hajafunga mdomo, mie nimeshafika kwenye swali la vumbi.

Mshauri aliyeletwa na ofisi kuu akachukua majibu yote, akatuchorea chati. Kwa upande mmoja chati ilionyesha jambo gani lina uzito kwa kampuni, kwa upande mwingine lina uzito gani kwa watu. Kila jambo likawa nukta. Nukta za juu ndizo zilizotafutwa. Ajira kwa vijana ilikuwa juu kabisa, maana lile swali la wazi kila mtu alilijibu kwa ajira. Malori yalikuwa juu. Maji yalikuwa chini kabisa, kwenye kona, yamekaa peke yake. Mshauri akatupongeza, akasema ni nadra kuona kiwanda ambacho majirani wameridhika na maji yake kiasi hicho. Kikao cha kupitisha mambo matatu kiliwekwa wiki mbili mbele, na kikishapitisha, orodha haifunguliwi tena mpaka miaka miwili ipite.

Wiki ileile jirani yetu wa Tabata alifiwa na mama yake. Nikajifunga khanga, nikaenda msibani. Mfiwa alikuwa amekaa mkekani, macho yamevimba, sauti imekauka. Nikampa mkono, nikamwambia pole, kisha kama kawaida yetu nikamuuliza habari za hapa.

"Nzuri," akanijibu, "ila ndiyo hivyo, mama katuacha."

Nikakaa. Wenzangu wakawa wanasoma dua, mie nimeganda. Mtu kafiwa na mama yake mzazi, maiti haijatoka, na habari bado ni nzuri. Si kwamba anadanganya. Kwetu hakuna anayeulizwa hali akaanza na mbaya, huo ni utovu wa adabu, ni kumtupia mwenzio mzigo kabla hajakaa. Unasema nzuri, unavuta pumzi, halafu inakuja ila. Habari yenyewe iko baada ya ila. Na mie, mtoto wa Temeke niliyezaliwa na kukulia kwenye salamu hizo, nimeandika fomu nzima ya "hali ikoje", nikawawekea watu visanduku, na kisanduku cha ila sikukiweka. Mtaa mzima ulinisalimia tu. Nilitaka kucheka, msibani pale, na nilitaka kulia kwa hasira. Waliokaa karibu walidhani namlilia marehemu, wakanipa pole.

Jumamosi nikarudi bondeni, sikuchukua fomu wala kalamu. Nilivaa kandambili. Yule mama alikuwa anafunga mafungu ya mchicha kwa ajili ya soko la jioni, nikageuza ndoo, nikakaa, nikaanza kufunga naye. Tukasalimiana salamu ndefu, za nyumbani, za wajukuu, za magoti yake, za mama yangu na presha yake. Kila kitu kilikuwa kizuri. Kisha nikanyamaza. Kwa mtu kama mie, kunyamaza ni kazi kuliko kulima. Akafunga fungu moja, la pili, la tatu.

"Nzuri," akasema bila mie kumuuliza tena, "ila hayo maji yenu, mwanangu, yananiunguzia majani."

Akaniambia yote. Siyo kila siku. Ni Jumanne na Ijumaa, mchana, yanakuja na povu jembamba, na kesho yake majani yanakauka kingoni kama karatasi iliyopitiwa na moto. Amejifunza kuyapima. Anachovya vidole viwili mtaroni, anavisugua. Yakiteleza, siku hiyo hamwagilii, anabeba maji ya bomba kutoka juu, ndoo kwa ndoo, na magoti yale. Nikamsikiliza huku nahesabu siku. Jumanne na Ijumaa ndizo siku tunazoosha matangi ya kuchanganyia sabuni. Utelezi ule ni kostiki, dawa ileile kali tunayoikoroga na mafuta kupata sabuni. Sie tuna maabara yenye kiyoyozi na hatukuwahi kupima mtaro hata mara moja. Yeye ana vidole viwili, na alikuwa na ratiba yetu kichwani.

Kisha akanionyesha tuta la mwisho, lililo mbali na mtaro. Hilo, akasema, halijawahi kuonja maji ya mtaroni tangu povu lilipoanza, linanyweshwa maji ya bomba tu. Mchicha wake anawauzia wenye watoto wadogo na wajawazito, na bei ni ileile.

Nikamuuliza, mama yangu je, anauziwa wa tuta lipi. Akaangalia pembeni.

"Mama yako hana mtoto mdogo," akasema.

Sikujua nimkasirikie nani. Yeye aliyejua na akauza? Au mie niliyekuwa napokea mshahara kwa kupima, na sikupima? Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile ya fomu. Akaniangalia kama anayenionea huruma. Akaniuliza, angeniambia maji ni mabaya, nikaandika, ikasomwa, nani angenunua tena mchicha wake? Wajukuu watatu wale wangekula fomu? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mie nilikuwa nimekuja kuhesabu kunguni wa kitanda chake nimesimama mlangoni.

Akaniomba nisimtaje. Nikamwahidi. Hata hivyo tulijua wote wawili kwamba nikinyamaza, maji hayataingia kwenye orodha, na majani yataungua miaka miwili zaidi. Nikisema, matuta yake yanaweza kufa wiki hiyohiyo. Aliniacha niondoke bila kuniambia nifanye nini, na hilo ndilo lililoniuma.

Kikaoni nikanyoosha mkono kabla mshauri hajamaliza kufungua kompyuta yake. Nikasema nukta ya maji iko pasipo pake, kosa ni langu, na nikaeleza habari ya nzuri na ila. Wengine wakacheka. Mshauri hakucheka, aliandika. Meneja akaniuliza najuaje kwamba maji yana shida, nani kasema. Nikajibu kwamba sabuni inayotoka mlango wa mbele naipima kila saa, na kinachotoka mlango wa nyuma sijawahi kukipima tangu niajiriwe. Kwa hiyo sijui, na hilo lenyewe ni shida. Kisha nikaomba tukapime Jumanne, matangi yakioshwa.

Msimamizi wa matangi alikuwa amekaa pembeni yangu, mtu mzima, amebakiza miaka michache astaafu. Akakuna kidevu. Akasema hata yeye amewahi kuliona lile povu, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jumanne nikachota maji mtaroni kwa mkono wangu, nikachovya kile kikaratasi cha kupimia. Kikageuka buluu iliyokolea palepale, rangi ya kostiki. Ili niwe na uhakika nikarudia Ijumaa. Buluu. Nukta ya maji ikapanda kutoka konani hadi juu kabisa, ikapita ajira, ikapita malori, na kikao kilipokaa tena kikapitisha lijengwe bwawa la kuyatuliza maji na kuyapunguza ukali kabla hayajaingia mtaroni. Nilifurahi mno. Furaha yangu ilidumu kama dakika tano.

Meneja akasema kabla ya kujenga chochote, wanaotumia maji yale waambiwe, siku ileile. Nikamshauri tujenge kwanza kimyakimya, tutangaze baadaye. Akaniuliza kama ningekubali mtoto wangu ale mchicha ule kimyakimya. Nilimchukia, wallahi. Nilimchukia kwa sababu alikuwa sahihi.

Tangazo la kubandika bondeni nikaandika mie, na kabla ya kulibandika nikaenda kumsomea yule mama, kwani macho yake hayakuwa yanaona herufi ndogo. Niliandika kwamba wananchi wanatahadharishwa kutotumia maji ya mtaro huo kwa kumwagilia mboga, na atakayekaidi atachukuliwa hatua. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono yake imejaa udongo.

"Hapo," akaniuliza, "mmesema mmekosa nyie, au nimekosa mie?"

Nikalikunja lile tangazo, nikarudi nalo kiwandani, nikaandika jingine kwamba maji hayo tumeyachafua sisi, kiwanda, na wakulima hawana kosa. Meneja alilisoma mara mbili. Alijua ofisi kuu haitapenda. Akatia sahihi.

Lakini mtaa hausomi matangazo, mtaa unasikia. Ndani ya siku mbili mboga ya bondeni ilikuwa imeshapata jina: mchicha wa sabuni. Watu wa Dar kwa majina hatujambo. Wengine walisema ukiula huna haja ya kuosha sahani. Mama yangu mwenyewe aliacha kununua, halafu akaona haya, akawa anazunguka njia ya juu ili asipite bondeni. Yule mama akang'oa matuta yote, ya mtaroni na lile la mbali, kwa siku moja. Nilikwenda kumsaidia. Tuling'oa mashina yenye afya, majani mapana, tukayarundika, na nililia waziwazi, kamasi zinanitoka, maana lile tuta la mwisho halikuwa na dhambi yoyote. Yeye hakulia mbele yangu. Aliniambia nisikanyage mbegu.

Fidia ya msimu alipewa, sitasema hakupewa. Lakini mtu aliyezoea kuamka na jembe huwezi kumkalisha barazani na fidia. Akawa anafua nguo za watu. Nilipokuwa nakutana naye njiani ananisalimia vizuri kabisa, na mie nikawa naogopa kumuuliza habari.

Bwawa likaisha. Nikaanza kupima kila siku, siyo Jumanne na Ijumaa peke yake, na kile kikaratasi kikawa hakikolei tena. Masika ikaja, ikafua bonde lote. Mwezi kwa mwezi nikapeleka vipimo, vikawekwa kwenye ripoti, mshauri akatuandikia kwamba tumekuwa mfano. Yule mama akapanda upya. Mchicha ukaota, ukanawiri, ukapitiliza, ukatoa maua. Hakuna aliyenunua hata fungu.

Ndipo siku moja asubuhi akatokea getini, amevaa khanga mpya, akaomba kumwona meneja. Niliitwa niwepo. Hakukaa. Akauliza kama ni kweli vipimo vyetu vinasema maji sasa ni mazuri. Meneja akasema ni kweli, akaninyooshea kidole, akasema mpimaji ndiye huyu.

"Basi kuleni nyie kwanza," akasema. "Mtaa ukiwaona mmekula, utakula."

Meneja akakubali palepale. Akaagiza mboga ya kantini ya kiwanda itoke bondeni kila siku ya kazi, na hicho nacho kiwe kipimo cha jambo la maji kwenye orodha yetu ya uendelevu. Mshauri alipopiga simu kuuliza kipimo hicho tutakiandika kwa kizio gani, kilo au nini, meneja akamjibu: sahani.

Siku ya kwanza mchicha ulipikwa kwa nazi na karanga. Harufu ilijaa kantini nzima. Yule mama aliuleta mwenyewe, akabaki amesimama mlangoni na beseni lake tupu. Wafanyakazi walipakua wali, wakapakua mchicha, wakakaa, na hakuna aliyeanza. Wote walikuwa wananitazama mie. Meneja alikuwa bado anaongea na simu nje. Msimamizi wa matangi akanikonyeza, kama kunitania, nitangulie.

Mie ndiye niliyepima maji yale. Asubuhi ileile nilipima, nikatia sahihi. Nikamega wali, nikachota mchicha, nikainua mkono, na mkono ukagoma. Haukugoma kwa muda mrefu, labda kama pumzi moja. Nikapeleka tonge mdomoni, nikatafuna, nikameza. Wengine wakaanza kula, kelele za sahani zikarudi, mtu akasema chumvi imepungua kidogo.

Lakini yeye alikuwa ameniona. Alikuwa ananitazama mie tu muda wote. Nikanyanyuka, nikamfuata mlangoni, uso umenishuka, nikaanza kujieleza kwamba vipimo ni sahihi kabisa, kwamba naviamini. Akanishika mkono, uleule uliogoma.

"Mie nilikula juzi, peke yangu, kabla sijawaletea," akaniambia. "Niliogopa hivyohivyo."